Muuaji aliyesalitiwa na ngozi: sehemu moja ya Columbo katika ulimwengu wa urembo

Hadithi za upelelezi za televisheni zimepita saluni mara nyingi, na mara nyingi zimepita njia tu. Maiti hukutwa kwenye kiti cha kuoshea nywele, mteja mmoja anapiga ukelele, mpelelezi anawahoji wasusi, na baada ya dakika kumi mtazamaji anatambua kwamba kisa hichohicho kingeweza kutokea benki au hotelini bila kupungukiwa na chochote. Ipo sehemu moja ya mfululizo wa Columbo ambayo haikufanya hivyo, na kwa muda mrefu nimetamani kuiandikia. Inaitwa "Lovely but Lethal". Ilirushwa na kituo cha NBC cha Marekani tarehe 23 Septemba 1973, ikafungua msimu wa tatu, na ndani yake kila kitu, kuanzia sababu ya kuua hadi ushahidi unaomnasa muuaji, kinatoka katika biashara ya urembo.

Kwa msomaji asiyeufahamu mfululizo huu, inafaa nieleze jambo moja mapema, nisije nikaonekana ninamharibia utamu. Columbo hafichi muuaji. Richard Levinson na William Link, waliomwanzisha mpelelezi huyu wa polisi ya Los Angeles, waliamua kwamba mtazamaji amwone muuaji akitenda tangu mwanzo, kisha kazi yote iliyobaki iwe kutazama jinsi Peter Falk, anayemwigiza Columbo, ndani ya koti lake la mvua lililochakaa, anavyomkaribia hatua kwa hatua huku akiomba radhi kwa usumbufu. Swali ni atanaswaje, na kwa sababu hiyo kielelezo cha mwisho lazima kiwe na uzito. Kikiwa dhaifu, saa nzima iliyotangulia inapotea bure.

Muuaji wetu ni Viveca Scott, mmiliki wa kampuni ya vipodozi iitwayo Beauty Mark, na anaigizwa na Vera Miles. Kampuni imeanza kuyumba. Mpinzani wake, David Lang, anayeigizwa na Vincent Price, anamnyang'anya soko. Tumaini la Viveca ni krimu mpya inayofuta makunyanzi usoni, lakini anaambiwa kwamba majaribio yameshindikana. Ukweli ni kwamba mkemia kijana wa maabara yake, Karl Lessing, ameiba krimu iliyofanya kazi na anakusudia kuiuza kwa Lang. Viveca anamfuata nyumbani kwake. Hapo ndipo tunapogundua kuwa Karl, anayeigizwa na Martin Sheen, aliwahi kuwa mpenzi wake na aliachwa, na kwamba kisasi kinampa raha kuliko fedha anazoahidiwa. Anamwacha bosi wake wa zamani abembeleze, kisha anamcheka. Viveca ananyakua hadubini iliyokuwa karibu na kumpiga nayo kichwani.

Tukio hilo ni fupi, na Vera Miles analicheza kwa namna ambayo sijaichoka. Alizaliwa Agosti 1929, kwa hiyo alikuwa ndiyo kwanza ametimiza miaka 44 sehemu hii iliporushwa, na kamera inamsogelea bila huruma. Mwanamke huyu ndiye tangazo la bidhaa zake mwenyewe: uso wake ndio uthibitisho kwamba krimu zake zinafaa. Karl anapomkejeli, anagusa heshima ya mpenzi wake wa zamani na mtaji wa kampuni kwa wakati mmoja. Ndiyo maana ninaamini pigo lile. Haliji kwa mahesabu ya mfanyabiashara aliyepanga mauaji. Linakuja kama hasira ya mtu aliyekumbushwa umri wake na yule aliyekuwa akimpenda.

Wazo kwamba wenye makampuni ya vipodozi wanapelelezana na kuibiana siri si la kubuni tu. Katika nusu ya kwanza ya karne ya ishirini soko la urembo la New York lilitawaliwa na wanawake wawili mahasimu, Elizabeth Arden kutoka Kanada na Helena Rubinstein aliyezaliwa Poland. Arden alifungua saluni yake mtaa wa Fifth Avenue mwaka 1910, na Rubinstein akamfuata mjini humo miaka michache baadaye. Walishindana kwa miongo mingi. Arden alimvuta meneja mkuu wa Rubinstein pamoja na kundi la wafanyakazi wake, naye Rubinstein akajibu kwa kumwajiri Thomas Lewis, mtalaka wa Arden, ambaye ndiye aliyekuwa amemsimamia mauzo enzi za ndoa yao. Rubinstein alifariki mwaka 1965 na Arden mwaka 1966, yaani miaka saba au minane tu kabla ya Viveca Scott kuonekana kwenye televisheni. Mtazamaji wa Marekani wa mwaka 1973 hakuhitaji kuelezwa kwa nini bosi wa kampuni ya krimu amempandikiza jasusi katika ofisi ya mpinzani wake, jambo ambalo Viveca amelifanya kupitia msaidizi wa Lang aitwaye Shirley Blaine.

Hata kituo cha Viveca cha kupunguza uzito na kutunza mwili, anachokitumia kama kinga dhidi ya maswali ya polisi, kina mizizi katika historia hiyo. Mwaka 1934 Arden aliligeuza shamba lake la jimbo la Maine kuwa mahali ambapo wanawake wenye uwezo walikwenda kukandwa, kufanya mazoezi na kula kwa kipimo, wakirudi mjini wembamba na wenye nuru. Kituo cha Viveca kinafuata mtindo huohuo, na Columbo anapokitembelea, kila mtu pale ni msafi, amepakwa mafuta na amevaa nadhifu, isipokuwa yeye. Kwa kawaida mfululizo huu humweka mpelelezi fukara mbele ya matajiri, lakini hapa tofauti ni kali zaidi, kwa kuwa anasimama mbele ya watu waliolipa ili wasionekane jinsi walivyo.

Kuhusu krimu yenyewe, waandishi walikuwa wanaota, ingawa ndoto yao haikuwa mbali sana na maabara za wakati ule. Mwaka 1971 dawa ya tretinoin, inayotokana na vitamini A, iliidhinishwa Marekani kwa ajili ya chunusi. Baadaye watafiti waligundua kwamba inasaidia pia kupunguza mikunjo midogo ya ngozi iliyochomwa na jua, na mwaka 1995 krimu ya aina hiyo ikaidhinishwa kwa kazi hiyo. Lakini matokeo yake huchukua miezi, ni ya kiasi, na ngozi hubanduka na kuwa nyekundu njiani. Krimu ya Viveca inafuta uzee mara moja. Simlaumu mwandishi, bila muujiza huo hakuna kitu cha kuulia mtu.

Sasa nifike kwenye mkono, ambao ndio ulionifanya niandike. Karl alipouawa, kioo kidogo cha hadubini kilivunjika, na juu yake kulikuwa na mmea ambao Wamarekani huuita poison ivy. Viveca anaondoka akiwa amekigusa bila kujua. Columbo naye, akichunguza vipande pale chini, anakigusa. Baada ya hapo mkono wake unaanza kuwasha, na anajikuna katika kila mazungumzo, jambo ambalo mtazamaji huliona kama moja ya tabia zake za kuchekesha tu. Kisha tunamwona Viveca akijikuna mkono. Mmea huo hauoti porini huko California. Jamaa yake mwingine ndiye anayeota upande ule wa Marekani. Watu wawili mjini Los Angeles wana upele wa mmea usiokuwepo mjini, na mmojawao anadai hakufika nyumbani kwa marehemu siku ile.

Msomaji wa pwani ya Afrika Mashariki anaujua mwasho huu kuliko anavyodhani. Mmea huo uko katika familia moja na mwembe na mkorosho. Mafuta yanayoleta upele, yaitwayo urushioli, yanafanana kikemia na mafuta yaliyomo katika ganda la korosho, na kina mama wanaobangua korosho kwa mikono Mtwara na Lindi wanajua jinsi mafuta yale yanavyobabua vidole yasipozuiwa. Mtoto aliyewahi kung'ata embe bichi lenye utomvu, kisha akaamka na midomo iliyovimba, amekutana na ndugu wa mbali wa ushahidi wa Columbo. Mafuta haya hayaonekani, hayanuki, na hubaki juu ya chombo kwa muda mrefu sana yasipooshwa.

Nilimwonyesha kipande hicho kwenye simu dada anayenisuka, wakati ananigawanya nywele kwa kitana cha mkia. Alitazama kwa dakika mbili hivi, mikono yake imesimama, kisha akasema, "Dada, huyo mbona anaacha mkono nje? Mimi dawa ikiniunguza hata kidogo navaa glovu wiki nzima, mteja asione." Yeye hutia dawa ya kulainisha nywele kila siku, na ngozi yake kati ya vidole ina alama zilizofifia za dawa hiyo. Kwake lililokuwa la ajabu ni kwamba mfanyabiashara wa ngozi amepata upele na hakuuficha. Nadhani aligusa kiini cha sehemu hii. Viveca anajua kuziba kila dosari ya uso, ila upele wa mkononi hauna krimu katika duka lake lote, na kukuna ni jambo ambalo mwili hulifanya kabla akili haijakumbuka kujizuia.

Sehemu hii ina udhaifu, nami sitaki kuupita kimya. Shirley anagundua kilichotokea na kuanza kumbana Viveca kwa madai, naye Viveca anamuua kwa sigara iliyotiwa sumu, ili afe akiwa anaendesha gari. Mauaji haya ya pili hayana nguvu. Yanamgeuza mwanamke aliyeua kwa hasira kuwa mpishi wa sumu mtulivu, tena haraka mno, na Columbo hayahitaji hasa ili kumkamata. Vincent Price naye ametumiwa kidogo kiasi cha kuhuzunisha. Ukimpata mtu mwenye sauti ile na ukamfanya mpinzani wa muuaji, mpe zaidi ya matukio machache ya kutabasamu na kutisha. Sehemu hii ni ya zile fupi, za takriban dakika 73, na ningefurahi kama dakika za Shirley zingepewa Lang.

Mwisho unarudi kwenye nguvu. Columbo anajua kwamba krimu lazima iwe mahali fulani, kwa sababu mtu aliyeua kwa ajili yake hawezi kuitupa. Viveca anapobanwa, anafanya jambo hilohilo lililoonekana haliwezekani: analichukua kopo la krimu na kulitupa baharini. Anaharibu utajiri wake wote kwa mkono mmoja ili kielelezo kisipatikane, na kwa sekunde moja anaamini ameshinda. Ndipo Columbo anapomweleza kuhusu mkono wake.

Je, mahakama ingekubali? Wapenzi wa Columbo hubishana sana juu ya jambo hili, na mimi nina msimamo. Upele peke yake usingetosha. Mwili hauwashwi na mafuta haya mara ya kwanza unapoyagusa. Kwa kawaida huhitaji kuwa umekutana nayo zamani, ndipo safari inayofuata upele utoke baada ya nusu siku hadi siku mbili, na wapo watu wasiowashwa kabisa. Columbo ametokea New York, ambako mmea huo umejaa, kwa hiyo mwasho wake unaeleweka. Kuhusu Viveca hatuambiwi alikulia wapi, na wakili makini angeanzia hapo: angeuliza mteja wake aliugusa mmea huo wapi na lini, na angemtafuta shahidi wa safari yoyote ya upande wa mashariki katika siku zile. Lakini Columbo hana upele tu. Ana kioo kilichovunjika chenye utomvu huo nyumbani kwa marehemu, ana mwanamke aliyesema hakuwepo pale, na ana kopo lililorushwa baharini mbele ya macho yake, kitendo ambacho mtu asiye na hatia hana sababu ya kukifanya. Upele unaliambia baraza la mahakama kwamba mshtakiwa alikuwa karibu na kioo kile. Kopo linaeleza alikifuata nini.