Na Yeye Mwenyewe Akala

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa. Somo letu la juma hili ni 1 Wafalme 17:8–16, habari za mjane wa Sarepta. Wengi tumelisikia likihubiriwa siku ya matoleo, na mkazo huwekwa kwenye ule mkate mdogo aliopikiwa Eliya kwanza. Leo naomba tumtazame mama mwenyewe na chungu chake. Kabla ya kufika Sarepta nitawapitisha Bengal, kwa sababu wanawake wa huko ndio walionifanya nisimame kwenye mstari wa 15, mstari ambao kwa miaka nilikuwa naupita mbio.

Bengal ni nchi ya mito mikubwa inayomwaga maji yake baharini, na leo imegawanyika: Bengal Magharibi iko ndani ya India, na upande wa mashariki ndiyo Bangladesh. Watu wake ni watu wa wali na samaki. Mama wa Kibengali akitaka kujua hali yako anakuuliza kama umekula wali. Samaki kwao ni karamu, ni harusi, ni heri ya nyumba.

Basi fikirini maana ya kunyimwa samaki huyo. Kwa vizazi vingi, katika familia nyingi za Kihindu za tabaka la juu, mwanamke akifiwa na mume aliondolewa samaki kwenye sahani yake siku zote za maisha yaliyobaki. Si samaki tu. Nyama, mayai, vitunguu maji, vitunguu saumu, hata dengu nyekundu, vyote vilihesabiwa kuwa vyakula vya kuamsha mwili, na mwili wa mjane haukutakiwa kuamka. Alivunjiwa bangili, akavikwa nguo nyeupe isiyo na pindo, akala mlo mmoja wa maana kwa siku, na siku ya 11 ya kila nusu ya mwezi mwandamo akafunga, mara nyingi bila hata tone la maji. Na kwa kuwa wasichana waliozwa wangali watoto, tena kwa wanaume waliowazidi sana umri, wengi walikuwa wajane kabla hawajakua. Mwanachuoni wa Kolkata, jiji kubwa la Bengal, Ishwar Chandra Vidyasagar, aliwapigania wajane hao, na mwaka 1856 sheria ikapitishwa ya kuwaruhusu wajane wa Kihindu kuolewa tena. Sheria ilipita, lakini desturi za jikoni ziliendelea kuishi muda mrefu baada yake.

Wengi wa wajane hao walikuwa mama. Mtoto hawezi kuachwa bila samaki kwa sababu baba yake amekufa. Kwa hiyo mama aliwakaangia watoto samaki, akawapikia wakwe na mashemeji, harufu yote akaivuta yeye, kisha akaenda kwenye jiko lake la pembeni na chungu chake kisichoguswa na kitoweo, akajipikia mboga.

Na mboga hizo zikawa tamu. Wabengali wenyewe wanakiri kwamba upishi wao wa mboga, unaosifiwa kote India, unadaiwa sana na majiko ya wajane: ua la mgomba lililokatwakatwa, moyo wa shina la mgomba, majani ya figili, maganda ya mung'unye, mabua ambayo mwingine angeyatupia mbuzi. Bila kitunguu na bila saumu, walijifunza kuitafuta ladha ndani ya mbegu, ndani ya mafuta, ndani ya moto wenyewe. Nawaheshimu kwa moyo wangu wote. Lakini ladha ile haiihalalishi dhuluma ile, na tafadhali mtu asinisikie nikisema kwamba mateso ni mazuri kwa kuwa yalizaa chakula kizuri.

Mboga ninayotaka kuwapa leo inaitwa chorchori. Nilijifunza kuipika Vellore, kusini mwa India, mji ambao familia nyingi za Kibengali husafiri mbali kuwaleta wagonjwa wao. Nilikuwa nimempeleka mwanangu kutibiwa. Nyumba tuliyopanga ilikuwa na jiko la pamoja, na mwenzangu jikoni alikuwa mama wa Kibengali aliyekuwa akimuuguza kijana wake. Lugha hatukuwa nayo, ila vijineno vya Kiingereza na vidole. Alikuwa Mhindu, mimi Mkristo. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi, na tulijuana kwa uchungu huo.

Alikuwa na kisu wanachokiita bonti, ubapa uliopinda uliosimamishwa juu ya kibao. Unachuchumaa, unakikanyaga kibao kwa mguu, kisha unaisukuma mboga kwa mikono miwili kuelekea kwenye makali. Aliyewahi kukalia mbuzi akakuna nazi angeuelewa mkao ule mara moja. Na kweli, bonti nyingine zina meno kwenye ncha, ya kukunia nazi. Alimenya mung'unye, na maganda hakuyatupa. Aliyakusanya upande mmoja, akayakata membamba kama njiti. Akakata malenge na ganda lake, viazi, figili, biringanya, na matunda marefu ya mlonge, kila kipande kirefu na unene wake sawa na mwenzake.

Mafuta ni ya haradali. Yanawekwa kwenye karai mpaka yafuke moshi na ule ukali wa kuwasha pua upungue. Hapo zinaingia mbegu tano, nzima bila kusagwa: uwatu, habasoda, bizari nyembamba, shamari, na ya tano ni radhuni, mbegu ndogo inayopendwa Bengal, ambayo asiyekuwa nayo huweka haradali. (Uwatu huu ni uleule ambao akina mama wa pwani yetu hupikiwa uji wakijifungua, ili maziwa yatoke.) Mbegu zikishalia, unatia pilipili kavu, kisha mboga ngumu kwanza na laini baadaye, manjano, chumvi, na sukari ya kidole. Unafunika. Maji unatia kidogo sana, maana mboga inatoa ya kwake. Usiivuruge, itavunjika. Mwisho unafunua na kuacha maji yakauke mpaka mboga ianze kushika chini kidogo, na hapo ndipo utamu wake unapokaa.

Alimpakulia kijana wake. Akanipakulia mimi na mwanangu, akatusukumia sahani kana kwamba tumefika kwake nyumbani Bengal. Mboga ikaisha. Yeye akachukua wali mkavu, akautia ndani ya lile karai tupu, akalifuta kwa vidole pande zote, mafuta na mbegu zilizogandia, akala hivyo. Nilipomwonyesha sahani yangu tugawane, alitikisa kichwa, akanionyesha kwa mkono kwamba alikuwa ameonja wakati wa kupika, ametosheka.

Wapendwa, jibu hilo tunalijua. "Mimi nimeonja-onja jikoni, kuleni tu." Kwetu firigisi ni ya baba, mapaja ni ya wageni na watoto, mama atajiju na shingo na ukoko. Tunauita moyo wa mama, na kweli ni moyo wa mama. Ni upendo, na Mungu mwenyewe alipotaka kusema jinsi asivyoweza kutusahau, alianzia kwa mwanamke na mtoto wake anyonyaye, Isaya 49:15. Hata hivyo, tokea siku ile swali moja halijaniacha: anayependa hivi, nani anamlisha?

Bengal ina jibu moja la kutisha kwa swali hilo. Mwaka 1942, katika Vita Kuu ya Pili ya Dunia, Wajapani waliiteka nchi jirani ya Burma (leo Myanmar), na mchele uliokuwa ukitoka huko ukakatika. Oktoba ya mwaka huohuo kimbunga kikaipiga wilaya ya Midnapore. Serikali ya kikoloni ya Uingereza, ikiogopa kuvamiwa, ilikuwa imeondoa akiba za mchele na kuchukua au kuharibu mashua za wananchi wa pwani, ili adui asizipate. Bei ya mchele ikapanda kupita mfuko wa kibarua. Njaa ya 1943 inakadiriwa kuua watu wanaofikia milioni 3. Akina mama waliingia Kolkata kwa miguu na watoto mgongoni, wakapita mlango kwa mlango, na hawakuomba wali, kwa maana walijua hawatapewa. Waliomba maji ya wali, yale yanayomwagwa baada ya kuchemsha. "Phan dao, ma," walilia. Mama, nipe maji ya wali. Mama akimlilia mama mwenzake, mmoja nje ya mlango na mmoja ndani. Maombolezo 4:4 inasema, "Watoto wachanga waomba chakula, wala hakuna hata mmoja awamegeaye." Mimi siwezi tena kuusoma mstari huo kama habari za Yerusalemu peke yake.

Sasa twendeni Sarepta. Ni nchi ya Sidoni, ng'ambo ya Israeli. Mama huyu si wa dini ya Eliya, na Bwana Yesu alipowakumbusha jambo hilo watu wa Nazareti katika Luka 4, walighadhabika. Mvua hakuna. Eliya anamkuta langoni akiokota kuni, anamwomba maji, na mama anageuka kwenda kuyaleta. Kisha anamwomba mkate. Hapo mama anasimama na kusema ukweli wake wote: ana konzi ya unga katika pipa na mafuta kidogo katika chupa, "nami ninaokota kuni mbili ili niingie nijipikie nafsi yangu na mwanangu, tuule tukafe."

Angalieni maneno hayo. Kuni mbili tu, maana mkate wenyewe ni mdogo. Na hata katika mlo wa mwisho, mama huyu hakujiondoa kwenye hesabu. Alipanga kula pamoja na mwanawe. Sijawahi kusikia mhubiri akimlaumu kwa hilo, na mimi namshukuru Mungu kwamba limeandikwa.

Eliya anaomba apikiwe kwanza. Ni neno gumu kumwambia mama mwenye njaa, na nadhani tunalilainisha haraka mno. Lakini hakuishia hapo. Alisema, "kisha ujifanyie nafsi yako na mwanao." Nabii wa Mungu hakumpa mama habari njema ya kushinda na njaa kwa furaha. Alimwahidi pipa lisilopunguka. Halafu unakuja mstari wa 15: "na yeye mwenyewe, na Eliya, na nyumba yake, wakala siku nyingi." Anayetajwa wa kwanza ni mama. Nabii yuko wa pili. Mkate wa kwanza ulikwenda kwa mgeni, sawa. Lakini Mungu alipokuja kuandika waliokula, alianza na yule ambaye sisi tungemsahau jikoni akifuta karai.

Mambo hayakuwa mepesi baada ya hapo. Mistari miwili mbele mwanawe anaugua mpaka anakata roho, na mama yule anamsemea nabii kwa uchungu wote, wala Mungu hamkemei. Alikuwa amekula siku nyingi. Alikuwa na nguvu ya kulia na nguvu ya kudai. Akina mama wa Vellore wangeyaelewa haya. Kumuuguza mtoto bila kula ni kuanguka kabla yake.

Kanisa la kwanza nalo liliguswa hapahapa. Matendo 6 inasema manung'uniko yalitokea kwa sababu wajane wa kundi moja walikuwa wakisahauliwa katika huduma ya kila siku, na wale mitume wakaona ni jambo la kuwachagulia watu saba wenye sifa njema, waliojaa Roho na hekima. Stefano, shahidi wa kwanza, aliwekewa mikono kwa ajili ya chakula cha wajane. Nani kati yetu leo angeona kwamba kugawa chakula kunahitaji mtu aliyejaa Roho?

Sisi Siku ya Akina Mama tunawavika khanga, tunawaimbia, tunawapiga picha madhabahuni, kisha ibada ikiisha wao ndio wanaokimbilia jikoni kutupakulia. Mithali 31, habari za mke mwema, tunaisoma mpaka kuamka kwake kabla usiku haujaisha, na mstari wa mwisho tunaupitia juujuu: "Mpe mapato ya mikono yake." Mpe. Ni amri, tena imeelekezwa kwetu tuliokaa mezani. Na yuko mjane katika mtaa wenu ambaye shemeji zake wamelikalia shamba lake kabla tanga halijaanuliwa. Huyo maneno ya pole hayamtoshi. Anahitaji mzee wa kanisa atakayekwenda naye kwa mwenyekiti wa mtaa, na ikibidi, mahakamani.

Kwa hiyo Jumatano hii, kwenye maombi ya akina mama, tumekubaliana hivi: akina baba na vijana ndio watakaopika. Chorchori ni rahisi, malenge na biringanya ziko sokoni, haradali ikikosekana tumieni mafuta mliyo nayo. Pikeni nyingi. Mama asipewe mwiko. Na kila jumuiya ije na jina la mjane mmoja na shida yake moja iliyo wazi, tuandike nani anaishughulikia na lini.

Tuombe. Ee Mungu wa mjane wa Sarepta, uliyemhesabu wa kwanza katika waliokula, walishe mama zetu. Wakumbuke wanaouguza watoto mbali na kwao, wa Bengal na wa kwetu. Wape wajane mashamba yao, na utupe sisi ujasiri wa kusimama nao mbele ya ndugu zetu wenyewe. Kwa jina la Yesu aliyemfufua binti Yairo na kuamuru apewe chakula. Amina.