Mabaka kwa mgonjwa wa saratani: tusikimbilie kusema ni mzio wa dawa

Wenzangu mnaohudumia wagonjwa Moshi na huko vijijini, hili naomba tulishike. Mama anatibiwa saratani ya titi, anatokwa na mabaka makavu yanayowasha makalioni na mapajani, pale jua lisipofika. Kwa ngozi nyeusi mengine huwa meupe-meupe, hata yakadhaniwa ukoma. Lakini ukigusa kwa pamba anahisi vizuri. Yakidumu miezi, fikiria limfoma ya ngozi (saratani ya limfosaiti, aina ya seli nyeupe za damu, inayojitokeza kwenye ngozi), hasa maikosisi fungoidesi. Licha ya jina lake, si fangasi kabisa. Alibert wa Ufaransa, aliyeieleza mwaka 1806, alifananisha uvimbe wake na uyoga.

Tunapoharibu zaidi ni kwenye kipimo cha kukata kipande cha ngozi (biopsi). Krimu ya steroidi isimamishwe wiki 2 hadi 4 kwanza, maana inapunguza limfosaiti zilezile tunazozitafuta. Kata vipande vya milimita 4 hadi 6 kutoka mabaka mawili au zaidi, usichukue palipokwanguliwa. Weka papo hapo kwenye fomalini (dawa ya kuhifadhi kipande) ya asilimia 10, ujazo mara 10 ya kipande. Ukiweka kwenye maji ya chumvi kitaharibika njiani. Kwenye fomu andika saratani ya kwanza na dawa zote, na uombe vipimo vya alama za seli: CD3, CD4, CD8, CD20 na CD30. Jibu likirudi "ukurutu" na mabaka bado yapo, rudia kipimo.

Mtoki (tezi ya limfu) uliovimba nao upimwe. Usiuhesabu tu kuwa umetokana na saratani ya titi, kwa sababu majibu yake husaidia kuamua saratani ipi itangulie kutibiwa. Wataalamu wa ngozi wapo hapa hapa Moshi, katika hospitali ya rufaa ya KCMC, wapelekeeni mapema.