Sufuria ya shemeji

Mwezi ukiwa mkubwa dagaa hawafuati taa. Vipe, vyombo vyetu vya kuvulia dagaa, vinalala ufukweni, na hapa kwetu Ujiji huo ndio wakati wa kutengeneza nyavu. Shemeji yangu alikuwa anachuchumaa uani mbele ya jiko la mkaa, anapasua betri iliyokufa (hizi hizi zinazowasha taa ziwani), anatoa vyuma vya ndani, anayeyusha kwenye sufuria na kumimina kwenye vishimo vya mchanga. Zikipoa, ni risasi za kuzamishia nyavu. Risasi huyeyuka kwenye nyuzi 327 tu, kwa hiyo jiko la maharage linatosha.

Mwanangu wa miaka 3 aliokota zilizodondoka akazipanga kama kete za bao. Huku anapanga, huku ananyonya vidole.

Nilimwambia shemeji hiyo ni sumu. Akacheka: "Shemeji, risasi inaua ikitoka kwenye bunduki."

Utani mzuri, nakiri. Ila Thiaroye-sur-Mer, pembeni ya Dakar huko Senegal, watoto 18 walikufa kati ya Novemba 2007 na Machi 2008, na watu wa pale walikuwa wanachekecha tu udongo wenye mabaki ya betri. Kinachonitisha zaidi ni huyu asiyekufa. Anacheza, anakula, hana homa, kumbe ubongo unaharibika kimya kimya. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiasi kilicho salama, na tumbo la mtoto hufyonza risasi mara 4 hadi 5 kuliko la mtu mzima.

Tulibishana siku mbili. Bila vizito nyavu hazizami, na mimi nitaanika nini? Mwisho amerudi kwenye vijiwe kama wazee, akinung'unika kwamba vinachana nyavu. Betri anaziuza nzima kwa mnunuzi wa vyuma chakavu. Huko nako huenda zinapasuliwa uani kwa mama mwingine, na hilo linanikera mpaka leo.

Uani sifagii tena pakavu, nanyunyiza maji kwanza. Ile kona nimeifunika kwa kifusi. Mtoto ananawa kabla ya kushika chochote, na dagaa anakula mzima na mifupa yake, maana mwili wenye kalisi na madini ya chuma ya kutosha hufyonza risasi kidogo.

Sufuria nimeitoboa kwa msumari. Mama mkwe alikuwa ameshaisugua kwa mchanga, anataka kuchemshia maharage.