Daftari la madeni lilivyomponza mla mahamri

"Mpe tu, yaishe." Wa kwanza kuniambia hivyo alikuwa mume wangu. Wa pili, jirani yangu muuza nazi. Wa tatu ni mtu niliyekuwa nikimheshimu sana, na tangu siku ile namsalimia kwa mbali. Leo wote watatu wanaihadithia kesi yangu barazani utadhani walipanda kizimbani wao. Basi na mwenyewe niseme.

Napika mahamri na mbaazi za nazi hapa Majengo, Mombasa. Leseni ninayo, cheti cha afya ninacho, hata choo nimepimwa. Afisa mmoja wa kukagua leseni, ofisi yake siitaji, alikuwa hapitishi wiki bila kuja kuketi kwenye benchi langu. Mahamri manne, mbaazi, chai ya maziwa, halafu anapangusa mdomo: "Mama, andika." Naandika. Mwisho wa 2021, leseni ikikaribia kuisha, akaniambia faili langu lina kasoro, na kasoro hiyo dawa yake ni elfu kumi. Kasoro gani? Hakuwahi kunionyesha, wala hilo faili sijaliona mpaka leo.

Kosa langu la kwanza lilikuwa kwenda kwa mkubwa wake. Nikavaa buibui la Idi, nikapewa kiti, nikasikilizwa vizuri sana. Sijashuka kwenye tuktuk, simu inalia. Ni yeye. "Mama, umeenda kunisema?" Hata hakukasirika, anacheka. Elfu kumi zikawa kumi na tano.

La pili ndilo hunichekesha mpaka leo. Mtoto wa dada yangu anasoma chuo, na hakuna asilolijua. "Khalati, mrekodi." Akaniwekea simu tayari, nikaifunga kwenye pindo la leso, kiunoni, nikaendelea kuchoma. Jamaa alipokuja nikamsogelea na kumwuliza kwa sauti ya mwalimu wa chuoni: "Bwana, kwani hizo elfu kumi na tano ni za nini hasa?" Na wallahi alijibu! Akaeleza zake ni ngapi na za wenzake ni ngapi, kama anayegawa urithi. Usiku tukakusanyika ukoo mzima kusikiliza. Dakika arubaini za karai. Hamri linatumbukia kwenye mafuta, shaaa. Lingine, shaaa. Honi ya matatu. Kisha sauti yangu, wazi kama adhana: "Za nini hasa?" Halafu karai tena, mpaka mwisho.

Yule kijana akasema tuitupe mtandaoni hivyo hivyo. Nashukuru nilikataa. Baadaye niliambiwa kuwa kumwanika mtu kabla ya uchunguzi ni kumpa nafasi ya kufuta nyayo zake, na kwamba rekodi ya simu haisimami mahakamani peke yake. Lazima iambatane na hati ya kuthibitisha ilivyonaswa na ilivyohifadhiwa. Hayo chuoni kwao hayafundishwi.

Nikapiga 1551, nambari ya bure ya Tume ya Maadili na Kukabiliana na Ufisadi, EACC kama tuiitavyo. Miaka yote nilidhani hao wako Nairobi tu, kumbe ofisi wanayo hapa hapa mjini. Nilikwenda nikiogopa kuulizwa ushahidi uko wapi. Nilichoulizwa ni siku gani, mahali gani, alisema maneno gani. Hapo ndipo nikatoa daftari langu la madeni kwenye mkoba.

Lilikuwa daftari kubwa jeusi, kona zimelowa mafuta. Mbele ninaowadai, nyuma wanaonidai: mwenye unga, mwenye nazi, mwenye makaa. Kila siku aliyokuja yule bwana tarehe imo, kwa sababu hakuna siku aliyokuja asile. Na siku aliyotaja pesa nilikuwa nimeandika pembeni kwa hasira: "Ataka 10,000 na mahamri 4." Afisa wa Tume akasoma, akarudia kusoma, akamwita mwenzake. Kama unafanya biashara na unasumbuliwa, andika siku ile ile, hata kwa penseli.

Ya mtego sitayarefusha. Nilipewa kinasa sauti chao. Noti zao zilitolewa nakala, nambari zikaandikwa, zikapakwa unga usioonekana kwa macho, nikatia sahihi. Nikaonywa nisimpe mpaka aziombe mwenyewe. Siku ya kwanza hakutokea, na vijana wa Tume wakaishia kusikiliza umbea wangu na shoga yangu saa nzima. Sina uso wa kuwatazama. Siku ya pili akaja, akaomba, akazihesabu kwa vidole vilivyojaa mafuta ya mahamri yangu. Hajamaliza, wameshamzunguka. Viganja wakavifuta kwa pamba, pamba ikaenda kwa Mkemia wa Serikali.

Mimi nikadhani yamekwisha. Kumbe Tume huchunguza tu. Faili huenda kwa Mkurugenzi wa Mashtaka ya Umma, na huyo ndiye huamua kama mtu atashtakiwa. Ilichukua miezi kumi hivi, labda na zaidi. Mtaani wakasema ameshahonga ametoka. Alipokuja kushtakiwa kwa Sheria ya Hongo ya 2016, akasimamishwa kazi kwa nusu mshahara, na hapo wakweze wakaja kwangu na halua. Ile sheria inaweza kumpa mtu kifungo cha hadi miaka 10 au faini ya hadi milioni 5, kwa hiyo halua ilikuwa kilo mbili. Niliirudisha. Wangekuja kwa vitisho wangejitia matatani zaidi, maana kumsumbua shahidi ni kosa jingine kamili.

Sasa mahakamani. Wakili wake, kijana mtanashati, hakukataa kuwa pesa zilipokewa. Akasema lilikuwa deni. Eti mteja wake alinikopesha elfu kumi na tano za unga, na siku ile nilikuwa namlipa. Alilisema kwa utulivu mpaka nami nikaanza kujiuliza kama kweli sikukopa.

Mwendesha mashtaka akasimama. "Mama, hebu tusomee daftari." Nikaanza nyuma, kwa wanaonidai. Mwenye unga yumo, mwenye nazi yumo, mwenye makaa yumo. Jina la mshtakiwa halimo. Akaniambia nisome mbele. "Mahamri manne, mbaazi, chai: hajalipa. Mahamri matatu, chai mbili: hajalipa. Mahamri matano, ya kupeleka nyumbani: hajalipa." Nilisoma kurasa kadhaa, bila haraka, kama anayesoma maulidi. Jumla yake elfu tatu na ushei. Nikaulizwa, kama huyu anakudai elfu kumi na tano, mbona hukumkata mahamri yake humo? Nikajibu, "Mheshimiwa, mtu mwenye kunidai mimi hangesema 'andika', angesema 'kata'." Hakimu akainama kuandika, na bega lake nililiona likitikisika.

Alipatikana na hatia. Faini au kifungo. Akalipa faini, na amekata rufaa. Kwangu gharama zilikuwa nauli na nakala, elfu nane labda, labda kumi. Siku nilizofunga biashara sizihesabu, nisije nikalia.

Kitu kimoja sikuambiwa na mtu: toa nakala ya daftari lote kabla ya kulikabidhi. Mimi nilitoa za kurasa zake tu. Daftari lenyewe sasa ni kielelezo, halitoki mpaka rufaa iishe, na mtaa mzima unajua. Nikimdai mtu ananiambia, "Mama, mimi sikatai, lakini lete daftari tuangalie." Muuza nazi, huyo huyo wa "mpe tu, yaishe", ana mahamri ya miezi mitatu humo ndani. Juzi amekuja kuniuliza, kwa upole kabisa, eti rufaa huchukua muda gani.