Lee McClung, kocha wa msimu mmoja aliyekimbilia reli

Kila nikisikia kocha wa chuo kule Marekani analipwa mamilioni ya dola kwa mwaka namkumbuka jamaa mmoja wa zamani, Lee McClung, mzaliwa wa Knoxville, Tennessee, 1870.

Alisoma chuo kikuu cha Yale akacheza futiboli ya Kimarekani, ile ya kubeba mpira mkononi na kugongana vifua, sio hii yetu. 1891 ndo alikuwa kapteni, wakashinda mechi zote 13 kwa jumla ya pointi 488 kwa sifuri, yaani msimu mzima hakuna aliyewafunga hata pointi moja, na enzi hizo tachidauni (kuufikisha mpira mwisho wa uwanja wa wapinzani) ilikuwa pointi 4 tu!

1892 akaenda California kufundisha timu ya chuo cha Berkeley. Desemba wakakutana na Stanford, na kocha wa Stanford alikuwa nani? Walter Camp, mtu wa Yale vilevile, ambaye sheria nyingi za huo mchezo kazitunga yeye. Ikaisha 10-10.

Sasa hapa ndo utamu ulipo. Msimu ulipoisha na ukocha wake ukaisha palepale, maana siku zile ukocha haukuwa kazi ya kumpeleka mtu uzeeni, ulikuwa kitu cha kijana aliyetoka chuo kufanya miezi kadhaa halafu anatafuta maisha, na maisha yalikuwa reli. McClung akaingia huko, sio kwenye injini lakini, mambo ya ofisini, mpaka akafika Southern Railway, kampuni iliyoundwa 1894 kwa kuunganisha reli kibao za kusini zilizokuwa zimefilisika. Leo nani aache ukocha wa Berkeley akakae ofisi ya reli?

1904 Yale wakampa uweka hazina wa chuo, halafu 1909 Rais Taft, naye wa Yale (hawa watu walikuwa wanabebana sana), akamfanya Mweka Hazina wa Marekani. Saini yake ikawa kwenye noti, na pembeni yake saini ya James Napier, Msajili wa Hazina, Mmarekani mweusi kutoka Nashville, Tennessee, kwa hiyo Watenesii wawili kwenye noti moja. 1912 akaachia ngazi baada ya kugombana na Waziri wa Fedha, MacVeagh, na 1914 homa ya matumbo ikamuua akiwa London, miaka 44 tu.

Noti za Napier na McClung wakusanyaji bado wanazisaka, ukibahatika kuiokota usiende nayo dukani.