Mama, shoga yake na tasnifu yangu

Nilianza tasnifu ya shahada ya pili hapa Kampala mwaka 2023, mwaka uleule Rais Museveni alipotia saini sheria dhidi ya ushoga. "Kuhamasisha" peke yake kunaweza kukufunga hadi miaka 20. Mada yangu ilikuwa utambulisho wa wanaopenda watu wa jinsia yao, na wale wanaopenda jinsia zote mbili, kwa jicho la nadharia ya jamii.

Mapema kabisa niliamua kutomhoji mtu. Wakati huo kulikuwa na kifungu kilichomlazimu raia kuripoti polisi anayemshuku kuvunja sheria hiyo. Mahakama ya Katiba ilikifuta Aprili 2024, lakini sehemu kubwa ya sheria ikabaki. Daftari lenye majina ya watu lingewaweka hatarini, na hakuna shahada yenye thamani hiyo. Nikasoma maandishi: sheria, hukumu, na wananadharia.

Kwenye sheria mambo yalikwenda haraka. Maneno "kinyume cha maumbile" yaliyomo katika kanuni yetu ya adhabu yaliletwa na Waingereza, ambao walikuwa wameshayaandika katika kanuni ya India mwaka 1860.

Nadharia ndiyo iliyonitesa. Mwanasosholojia Mwingereza Mary McIntosh aliandika mwaka 1968 kwamba tusimtazame shoga kama mtu mwenye hali fulani mwilini, bali tuangalie nafasi ambayo jamii imemtengea, akisema kwamba Uingereza nafasi hiyo ilianza kuonekana mwishoni mwa karne ya 17. Niliyasoma mara nne. Niliweza kuyakariri kwa Kiingereza, ila sikuweza kumweleza mtu.

Mama yangu ni mzaliwa wa Mombasa, aliolewa Busia, upande huu wa mpaka. Likizo moja nilikuwa nimekaa barazani na karatasi zangu, yeye yuko kwenye simu: "Shoga yangu, niwekee mukene debe mbili, kesho namtuma kijana." Mukene ni dagaa wa ziwani. Nikaacha kusoma. Mwanamke wa Pwani humwita hivyo rafiki yake wa kufa na kuzikana. Neno hilohilo, nikiitwa mimi mwanamume kwenye stendi ya matatu, watu wangegeuka kutazama, na pengine kuokota mawe. Sauti ni ileile. Jamii ndiyo iliyoamua nani asimame wapi ndani yake.

Usiku ule niligawa kurasa za daftari kwa mstari wa wima: kushoto dhana, kulia namna ningemwambia mama. Sura ya pili nzima ilitoka humo. Msimamizi wangu alitaka niandike "mashoga" kila mahali, kwa urahisi. Nilikataa kwa adabu, nikamsomea ukurasa wa mukene. Alinyamaza kidogo, akasema niandike "wapenda jinsia moja", na "kuchu" pale watu wa hapa wanapojiita wenyewe hivyo.

Nilipomweleza mama, aliuliza kwa sauti ya chini, "Kwani hao watu wanakaa wapi sasa?" Nikamwambia wengine wamehama nchi, wengine tunapanda nao matatu. Akaingia ndani kuniwekea chai.