Interpelación, au kiti moto cha mawaziri wa Peru

Leo nimeshinda na habari za Peru na neno lililoniganda ni interpelación. Ukitaka haraka haraka utasema ni kuhojiwa, lakini kuhojiwa kwa polisi wana neno lake, interrogatorio, hili lenyewe ni waziri kuitwa bungeni asimame mbele ya wabunge abanwe maswali, na kukataa kwenda haruhusiwi, Katiba yao ya 1993 kifungu cha 131 imesema wazi kwamba ni lazima aende.

Ombi linaletwa kwa maandishi na wabunge wasiopungua asilimia 15, theluthi ya wabunge wakilikubali siku inapangwa, isiwe kabla ya siku ya tatu wala kupita ya kumi. Na maswali yanaandikwa mapema kwenye pliego, yaani orodha ya maswali, kwa hiyo waziri anaingia ukumbini anajua anaulizwa nini. Hapo ndo napapenda, maana ukishapewa maswali kabla huwezi kusema ngoja nikaangalie faili.

Ila ya 2016 bado inaniuma jamani. Jaime Saavedra, waziri wa elimu, aliitwa tarehe 7 Desemba akaulizwa manunuzi ya kompyuta wizarani, akaulizwa maandalizi ya michezo ya Pan American ya Lima 2019, akasimama akajibu masaa na masaa. Tarehe 15 wakapiga kura ya kumng'oa, 78 wakasema aondoke, akaondoka. Sasa bunge lilikuwa na watu 130 na Fuerza Popular, wapinzani wa serikali, walianza na viti 73 peke yao, hivi kweli jibu gani lingemuokoa? Waliomtetea walisema kilichomponza ni mageuzi ya vyuo vikuu aliyokuwa anayasimamia, na mimi nawaamini. Kumuuliza mtu maswali lukuki wakati hukumu unayo mfukoni ni kumdhalilisha tu, na wazazi wanaongoja shule ziwe bora hawakupata chochote pale.

Halafu haikuishia kwake. Aliyemrithi, Marilú Martens, naye akawekwa kiti moto Septemba 2017 baada ya mgomo wa walimu, wakaanza mchakato wa kumtoa, waziri mkuu Fernando Zavala akaenda bungeni kuomba kura ya imani kwa baraza zima la mawaziri, bunge likamnyima, na mawaziri wote wakalazimika kujiuzulu.